Hesabu Usiku Mbele ya Kuhesabu Makuta: Kutotoa Kuku na Kware Nyumbani

Katika miji yetu ya migodi, tangu Kipushi mpaka Kolwezi, jamaa nyingi zinafuga kuku kidogo nyuma ya nyumba. Sasa wengine wanaanza kufuga kware vile vile, wale ndege wadogo ambao wengi wanawaita kayi kwa kufuata Kifaransa. Kupata mayai si kazi ngumu. Kazi iko kati ya yai na kuku: siku nyingi za kungoja, na usiku wa kuamka tena na tena. Leo tutaieleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Lakini kwanza tuseme namna sisi wenyewe tulivyoanguka, maana kosa letu lilikaribia kutunyang'anya watoto wawili.

Usiku ule wa Likasi

Ilikuwa mwezi wa sita wa mwaka 2022. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 16, alikaa kwetu Likasi pamoja na mdogo wake wa miaka 10. Alikuwa anamaliza mwaka wa pili wa humanite. Tangu 2019 watoto wanasoma pasipo kulipa katika shule za msingi za Serikali, lakini sekondari watu wangali wanalipa, na mfuko wetu ulikuwa mwepesi. Basi kila Jumamosi kijana alianza kwenda na wenzake kule wanakochimba na kuosha mawe. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Kambo, hakupenda hata kidogo. Alisema: "Ile shimo haina mulango ya nyuma."

Ndipo tulipopata wazo la kutotoa mayai. Rafiki mmoja anayejua mambo ya umeme alitutengenezea sanduku la mbao lenye ampule mbili. Tuliweka mayai 40. Kijana aliyalinda kama askari. Kila asubuhi aliuliza: "Kambo, hii mayai inachelewa juu ya nini?" Kambo alimjibu: "Mayai haichelewake. Ni weye njo unaharakisha."

Siku ya 21 vitoto 19 vilitoka. Furaha ilikuwa kubwa. Kijana alichukua chaki, akaandika ukutani bei ya kuku mmoja mara 19, akatoa bei ya mahindi, akapata pesa ya masomo. Hesabu ilikuwa safi. Kitu kimoja tu hakuna mtu aliyekihesabu: usiku.

Usiku wa pili umeme ulikatika. Ninyi mnajua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Nchi hii iko juu, mita zaidi ya elfu moja, na wakati wa kipwa usiku unauma. Vitoto vilianza kulia. Kijana hakutaka kutuamsha. Alichukua mbabula yenye makala ya moto, akaiingiza katika chumba kidogo walimolala yeye na mdogo wake, akaweka kartoni ya vitoto karibu. Akafunga mlango na dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kitambaa ili joto lisitoke. Kisha akalala.

Karibu na saa tisa ya usiku Kambo aliamka. Hakuamshwa na makelele. Aliamshwa na kimya: alikuwa amezoea kusikia vile vitoto, na sasa hakusikia kitu. Akasukuma mlango. Vitoto vyote 19 vilikuwa vimekufa. Mdogo alikuwa ametapika, na mkubwa hakuweza kusimama wala kusema vizuri. Tuliwabeba nje katika baridi ile, kisha tukawapeleka hospitali. Walipona. Tuliporudi, hesabu ya chaki ilikuwa ingali ukutani.

Hewa isiyo na harufu

Muganga alitueleza. Makala ya moto, hata yale mekundu yasiyotoa moshi, yanatoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Kwanza kichwa kinauma, kisha kinafuata kizunguzungu, kutapika, na usingizi mzito. Mtu aliyelala hasikii kitu, na anaweza kufa pasipo kuamka.

Ndege anashindwa na hewa hii mbele ya mtu, maana mwili wake ni mdogo na anapumua upesi. Wachimbaji wa makaa ya mawe kule Uingereza walijua jambo hilo. Kwa miaka mingi walishuka mgodini na ndege wadogo wa njano waitwao kanari. Ndege akianguka, watu walikimbia. Ni mwaka 1986 tu walipoanza kuwaacha na kutumia vyombo vya kupima hewa. Vitoto vyetu 19 vilifanya kazi ya kanari, na sisi hatukujua.

Basi sheria ya kwanza ya ukurasa huu ni hii: mbabula haiingii mahali watu wanapolala, wala mahali vitoto vinapolala, hata kwa saa moja, hata baridi ikiwa kali namna gani. Ukikuta watu wamelewa hewa hii, fungua milango yote, watoe nje upesi, wapeleke hospitali. Usiseme, "Atapata nafuu akilala."

Sasa mtauliza: kama si mbabula, joto litatoka wapi? Tutafika huko. Tuanze na yai.

Fundi wa kwanza ni kuku mwenyewe

Kisha ya msiba ule Kambo alisema: "Fundi alikuwa palepale mu lopango. Sisi tulimupita." Fundi huyo ni kuku jike anayetaka kuatamia. Utamtambua: haondoki katika kiota, anajivimbisha, anaguna ukimkaribia, na manyoya ya kifuani yanatoka. Kuku wetu wa kienyeji anaifanya kazi hii vizuri kupita mashine nyingi.

Mtengenezee kiota mahali penye giza kidogo, mbali na mbwa, panya na mvua. Chini weka udongo wenye unyevu kidogo, juu yake majani makavu. Nyunyiza majivu katika kiota juu ya kuzuia chawa. Mpe mayai 10 mpaka 12, si zaidi, maana yale asiyoweza kuyafunika yanapata baridi, na kesho yake anayageuza na kuharibu mengine. Yaweke usiku, ametulia. Andika alama ya kalamu ya makala juu ya kila yai. Kuku wengine wakija kutaga mle, utayaona mayai mapya na kuyaondoa.

Kila siku atatoka mara moja kula, kunywa na kunya, karibu na dakika 15 au 20. Usiogope; mayai hayafi kwa muda huo. Weka mahindi na maji karibu ili asikawie.

Kama una kuku wawili wanaotaka kuatamia, wape mayai usiku mmoja. Siku ya 21 wapelekee vitoto vyote mmoja wao, wakati wa usiku. Mama mmoja analea wote, na yule mwingine anarudi kutaga baada ya muda mfupi. Hii ni akili ya zamani, haiombi umeme wala pesa.

Sisi tulifanya hivyo mwezi wa tisa mwaka ule ule, baridi ilipokwisha. Kuku wawili, mayai 24. Vitoto 20 vilitoka. Vilivyofikia miezi mitano vilikuwa 16. Hakuna mtu aliyeamka usiku hata mara moja; mama yao alikuwa macho kwa ajili yetu sote.

Kuchagua mayai

Yai bovu halitotoi hata joto likiwa zuri namna gani. Angalia haya:

Yai litoke kwa majike wanaokaa na dume. Kwa kuku, jogoo mmoja anatosha majike 8 mpaka 10. Kwa kware, dume mmoja kwa majike 3 au 4.

Yai lisipite siku 7 tangu lilipotagwa. Kila siku inayopita hapo inapunguza nafasi ya kutotoa.

Lingojee mahali penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikiangalia chini. Usiliweke juani, wala karibu na jiko.

Usilioshe. Ganda lina ngozi nyembamba isiyoonekana inayozuia uchafu kuingia. Ukiosha, unaiondoa. Yai chafu sana, lile.

Acha mayai yenye ufa, makubwa kupita kiasi, madogo sana, au yenye umbo la ajabu. Na mayai yaliyosafiri katika motokari yapumzike siku nzima mbele ya kuyaweka.

Kama una mashine

Mashine ya kutotoa, ile wengi wanaita kuveze, inaweza kununuliwa au kutengenezwa. Si lazima kuidharau, lakini inamtaka mtu mwenye uangalifu. Huko Misri watu walitotolesha mayai katika matanuru ya udongo tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mafundi wale hawakuwa na kipima-joto: waliweka yai juu ya kope la jicho na kusikia joto lake. Ilikuwa kazi ya mtu aliyejifunza tangu utoto. Sisi wengine tutafute kipima-joto. Hata kile cha kupimia homa kinafaa, maana joto la yai liko karibu sana na joto la mwili wa mtu.

Joto linalotakiwa ni digri 37.5 mpaka 37.8, kama mashine ina kipepeo cha kuzungusha hewa. Kama haina, pima juu ya mayai yenyewe na ufike karibu na 38.5, kwa sababu hewa ya juu ina joto kupita ya chini. Washa mashine siku nzima pasipo mayai, uone kama joto linakaa pale pale. Joto likipanda na kushuka, usiweke mayai bado.

Geuza mayai mara 3 au 5 kila siku, ili kitoto kisishikamane na ganda. Andika X upande mmoja na O upande mwingine, hutasahau. Mikono iwe safi. Mayai ya kuku, acha kuyageuza tangu siku ya 18. Ya kware, tangu siku ya 15.

Weka chombo cha maji ndani. Hewa ikikauka, ngozi ya ndani ya yai inakuwa ngumu kama karatasi na kitoto kinashindwa kuipasua. Siku tatu za mwisho ongeza maji. Wakati wa kipwa jambo hili linaombwa zaidi, maana hewa yetu ni kavu sana.

Siku ya 7, usiku, chukua tochi na kartoni yenye tundu, angalia ndani ya yai. Ukiona mishipa mwekundu kama mizizi ya mti, na doa jeusi katikati, mtoto yuko. Yai likiwa jeupe tupu, halina kitu. Ukiona duara ya damu pasipo mishipa, mtoto amekufa. Ondoa hayo mawili, yasije yakaoza na kupasuka ndani. Mayai ya kware yana madoa, ni magumu kuyasoma. Kama huna hakika, yaache.

Umeme ukikatika, usifungue mashine kila mara kuangalia. Funika kwa bulangeti, lakini acha matundu ya hewa. Mayai yanaweza kuvumilia ubaridi kwa saa chache. Kutotoa kutachelewa kidogo tu. Joto kupita kiasi ndilo baya zaidi: digri 40 na zaidi zinaua upesi. Basi umeme unaporudi, angalia kipima-joto mbele ya kwenda kulala.

Siku ya kutoka, kitoto kinatoboa tundu dogo, kisha kinapumzika. Kinaweza kupumzika saa 12, hata saa 24. Hapo watu wengi wanakosa uvumilivu na kuanza kubomoa ganda. Usifanye hivyo! Wakati ule kitoto kinamaliza kuingiza ute wa njano tumboni na damu ya ngozi ya yai. Ukikitoa mbele ya wakati, kitatoka damu na kufa mkononi mwako. Kikishatoka, kiache mpaka kikauke. Kitaishi siku moja, hata mbili, pasipo kula, maana chakula cha yai kingali tumboni.

Kware hana mama

Kware wa kufugwa alitoka Japani. Ni ndege wa haraka: mayai yake yanatotoa kwa siku 17 au 18, na jike anaanza kutaga akiwa na majuma 6 au 7 tu. Lakini watu wamemfuga kwa miaka mingi wakitafuta mayai tu, na amepoteza akili ya kuatamia. Anataga po pote na kujiendea. Lazima mashine, au kuku mdogo mwepesi akubali kuatamia mayai yake. Kuku mzito atayavunja.

Kama unataka kuku na kware watoke siku moja katika mashine moja, weka ya kuku kwanza, na ya kware siku ya nne. Lakini vikishatoka, vitenganishe. Kitoto cha kware kina gramu 6 mpaka 8 hivi. Kitoto cha kuku kitakikanyaga. Tena hata wakiwa wakubwa usiwaweke pamoja, maana kuku anaweza kubeba magonjwa pasipo kuugua, na kware akafa nayo.

Mwaka 2023, mwezi wa kumi, tulijaribu kware. Kijana alikuwa ametengeneza upya lile sanduku. Alishika chaki tena. Kambo akamsimamisha: "Mbele ya kuhesabu makuta, hesabia usiku. Nani ataamuka saa sita? Nani saa tisa?" Basi pale pale ukutani, palipokuwa bei ya kuku, tuliandika zamu: saa tatu, mke wangu, saa sita, mimi, saa tisa, Kambo, kwa sababu usingizi wake ni mwepesi, saa kumi na mbili, kijana mbele ya kwenda shule. Mdogo wake alikataa kuachwa. Tulimpa kazi ya kuweka maji saa ya jioni.

Mayai yalikuwa 30, vitoto 18. Siku ya kwanza vitatu vilikufa, si kwa baridi, bali kwa maji: vilianguka katika kifuniko tulichotumia kama chombo cha kunywea. Kware anazama hata katika maji ya kina cha kidole. Jaza chombo mawe madogo safi, aweze kunywa kati ya mawe na asiweze kuingia. Tena usitandike gazeti peke yake chini: miguu inateleza na kupanuka, na kitoto hakitasimama tena maisha yake yote. Siku za kwanza tandika kitambaa kisicholaini, kisha maranda ya seremala.

Joto pasipo mbabula

Hii ndiyo namna tuliyoitumia, na usiku wote ule hatukupoteza kitoto kwa baridi.

Chukua kartoni mbili, moja iingie ndani ya nyingine. Nafasi iliyo kati yao ijaze majani makavu, uyashindilie. Juu funika kwa kitambaa kizito, lakini acha upande mmoja hewa ipite. Majani yanazuia joto kutoka, sawa vile bulangeti.

Mbabula ikae nje, chini ya paa. Pasha maji, yawe moto sana lakini yasichemke, yajaze katika bidon ya lita tano. Funga kifuniko vizuri, ivalishe kitambaa, iweke ndani ya kartoni upande mmoja. Vitoto vitajikusanya kando yake kama kando ya mama. Badilisha maji kila saa tatu. Ndiyo sababu ya zile zamu. Umeme ukiwapo, ampule moja juu ya kartoni inafanya kazi hiyo. Lakini bidon iwe tayari, na maji yawe tayari.

Juma la kwanza vitoto vya kuku vinataka digri 35 hivi. Vya kware 37. Kila juma punguza digri 3. Kware wanavaa manyoya ya kutosha kwa majuma 3 au 4, kuku kwa majuma 5 au 6. Lakini hata bila kipima-joto, vitoto vyenyewe vinasema:

Vikisongamana na kulia kwa nguvu, vinasikia baridi.

Vikikimbia mbali na bidon, midomo wazi, mabawa yamening'inia, ni moto kupita kiasi.

Vikikaa vyote upande mmoja, kuna upepo unaoingia upande wa pili.

Vikitawanyika, vingine vinakula, vingine vinalala, vinaongea polepole, basi nenda ukalale.

Chakula, afya na udongo

Unga wa mahindi peke yake haujengi mwili. Kwa vitoto vya kuku, changa vikombe 6 vya mahindi yaliyopondwa, vikombe 3 vya soya, na kikombe 1 cha ndagala kavu zilizotwangwa. Kwa kware, ambao wanataka nguvu zaidi, mahindi 5, soya 4, ndagala 1, na yote yasagwe laini. Soya ikaangwe kwanza, mbichi inawadhuru. Ndagala za chumvi zioshwe na kukaushwa. Ongeza lengalenga iliyokatwa ndogo ndogo, na mchwa unaopatikana.

Maranda yakilowa, yabadilishe. Mahali palipolowa panazaa ugonjwa wa kuhara damu. Na ugonjwa wa Newcastle, ule unaofagia kuku wote wa kartie kwa juma moja, hauna dawa. Una chanjo tu. Ni tone katika jicho karibu na siku ya 7, tena karibu na juma la nne, kisha kwa kurudia kama muganga wa mifugo atakavyosema. Kwa kuwa chupa moja inatosha kuku wengi, majirani wakutane, wachange pesa, wachanje siku moja. Kila mara ukishika vitoto, nawa mikono kwa sabuni, na usiwaruhusu watoto wadogo kuvibusu.

Neno moja kwa sisi wa miji ya migodi. Mwaka 2009 waganga wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti: watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Vumbi linaingia katika udongo, na kuku anakula akichakura udongo. Usiweke banda mahali mawe yanapooshwa au magunia ya madini yanapolala. Leta udongo safi, au wafunge katika banda lenye maranda. Na anayetoka kuchimba avue nguo za kazi mbele ya kuingia kwa vitoto, vya ndege na vya watu.

Tusikimbilie

Mwaka 2013 kule Kenya watu wengi walikimbilia kware. Yai dogo liliuzwa bei kubwa, na wengine walisema linaponya kila ugonjwa. Wengi walikopa pesa wakajenga mabanda. Mwaka 2014 bei ilianguka, na wafugaji walibaki na ndege wasio na mnunuzi. Yai la kware ni chakula kizuri. Si dawa ya kila kitu. Anza na machache, ule kwako kwanza, tafuta wanunuzi watatu au wanne wa kweli, ndipo uongeze.

Kwetu, mbele ya Pasaka ya 2023, kijana aliuza majogoo 9 kati ya wale 16. Pesa haikulipa masomo yote. Ililipa sehemu, na sisi tukaongeza. Lakini Jumamosi zake zilikuwa zimejaa: kusafisha banda, kununua ndagala, kuwasaidia majirani kuangalia mayai kwa tochi. Wenzake walipokuja kumwita kwenda kuchimba, aliwaonyesha lile sanduku: "Siwezi. Niko na mayai mu siku ya kumi na tano." Kambo alisikia toka jikoni, hakusema kitu.

Tuzungumze katika jamaa

1. Nyumbani kwetu, mbabula inalala wapi wakati wa baridi? Tubadilishe nini leo usiku?

2. Kama tunataka kuanza kufuga, nani ataamka, na saa ngapi? Tuandike majina.

3. Yule kijana hakutuamsha kwa sababu hakutaka kutusumbua. Je, watoto wetu wanajua kwamba wanaweza kutuamsha?